Kumtambua na Kumhesabu Kukuziwa: Mwongozo wa Maziwa ya Malindi

Kukuziwa anayezungumziwa hapa ni yule mweusi mwenye mdomo mweupe na paji jeupe, Fulica cristata kwa jina la kitaalamu. Naivasha na kwenye mabwawa ya nyanda za juu yuko tele, hata watu hawamgeukii. Huku Malindi ni mgeni wa mara moja moja, na hapo ndipo penye taabu: wako ndege wengine weusi wanaoogelea, wa kwao hapa hapa, na mtu akiwa na haraka humwandika kukuziwa ambaye hakuwapo. Orodha yenye ndege wa uongo ni mbaya kuliko orodha fupi.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji. Ndege anafuata.

Hatua ya 1: Soma maji kabla ya kutafuta ndege

Kukuziwa ni mla magugu. Sehemu kubwa ya chakula chake ni mimea inayoota chini ya maji, ile laini inayonasa kwenye kasia na kutoka nayo ikichuruzika. Wadudu, konokono na mbegu anakula pia, na mara nyingine hupanda ukingoni kuchuma majani machanga, lakini ziwa lisilo na magugu ya chini halimshiki. Naivasha ilionyesha jambo hili wazi. Mwaka 1970 waliletwa pale kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, Marekani, wakazaana, wakayamaliza magugu ya chini, na kukuziwa waliokuwa maelfu wakapungua sana. Magugu yaliporudi, ndege nao walirudi.

Magugu hayo yanataka mwanga. Ndiyo maana mkondo wa Sabaki wenyewe si pa kumtafutia: maji yake yametoka mbali, Athi kisha Galana, yamebeba udongo mwekundu, na mwanga hauvuki shibiri kadhaa. Pale mlangoni pa Sabaki pana ndege wa kila namna, heroe, membe na sululu wa pwani, lakini kukuziwa mtafute kwenye vidimbwi vya maji baridi vilivyojitenga na mkondo, si mtoni.

Kupima mwanga wa maji si kazi kubwa. Chukua sahani nyeupe ya plastiki ya upana wa sentimita 20, itoboe katikati, pitisha kamba, piga fundo juu na chini ya tundu, kisha chini yake ning'iniza jiwe la karibu nusu kilo ili izame ikiwa imelala sawa. Kamba nayo ipige fundo kila sentimita 10. Ukiwa ndani ya mtumbwi, ishushe upande wenye kivuli, polepole, hadi sahani ipotee machoni. Hesabu mafundo. Ipandishe hadi ionekane tena, hesabu tena. Wastani wa vipimo viwili ndio kipimo chako. Kwa makadirio, magugu ya chini huweza kuota hadi kina cha mara mbili ya kipimo hicho.

Sahani ikipotea kabla ya sentimita 20, hapo usipoteze asubuhi yako kwa ajili ya kukuziwa. Kuna ndege wengine wa kutazama. Ikivuka sentimita 60, na kasia likatoka na majani, pana matumaini. Makosa ya kawaida ni matatu: kupima umevaa miwani ya jua, kupima upande unaong'aa jua, na kupima mara tu baada ya upepo mkali kukoroga tope la ukingoni. Na kama hakuna mtumbwi na mtu anayelijua ziwa, usipime kabisa. Kutumbukia majini kwa ajili ya sahani ni ujinga. Sababu ziko mbele.

Sehemu za kuanzia ni chache. Ziwa Jilore, karibu na ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, hupata maji Sabaki inapofurika. Likiwa limejaa karibuni ni tope tupu. Majuma yakipita udongo hutuama na magugu huanza kushika. Enenda baada ya hapo. Mabwawa ya mvua yaliyo mashambani, yale yasiyokanyagwa na ng'ombe kila pembe, yanafaa pia. Mashamba ya chumvi ya Gongoni yaache, chumvi imezidi. Na Mida ni hori la mikoko, maji ya bahari, si kwake. Anayeweza kufika mbali zaidi kaskazini ana Ziwa Kenyatta la Mpeketoni, Lamu, ambalo ni maji baridi, na mabwawa ya delta ya Tana, iliyoingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani.

Waulize wenyeji, lakini uliza vizuri. Ukimwuliza mvuvi, "Mzee, hapa kuna kukuziwa?" atakujibu yuko, maana kwake kila ndege wa matetini huenda ni kukuziwa. Uliza hivi: "Shikamoo mzee. Yule ndege mweusi, pajini mweupe kama aliyepakwa chokaa, anayepiga mbizi katikati ya ziwa, mnamwona?" Kisha uliza anaonekana baada ya mvua ipi. Wavuvi wanakumbuka misimu kuliko daftari lolote.

Hatua ya 2: Vifaa, saa na usalama

Darubini ya 8x42, yaani ya kuvuta mara 8 yenye kioo cha milimita 42, inatosha. Ya kuvuta mara 10 huleta karibu zaidi lakini hutikisa, na juu ya maji mtikisiko huo ndio unaokufanya ukose kuuona mstari mweupe wa ubavuni unaomtenga kukuziwa wa mdomo mwekundu. Ukipata darubini kubwa ya kusimamisha kwenye miguu mitatu, itumie mapema: kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi joto huinua mazigazi juu ya maji, na ukivuta mara 40 unachokiona ni uji.

Hewa ya bahari hula vifaa. Ukirudi, puliza mchanga kwanza kwenye vioo kabla ya kugusa kwa kitambaa, maana ukifuta mchanga unakwaruza kioo. Chuma na mpira futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ili kutoa chumvi. Hifadhi darubini katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ndani na vipakiti viwili vitatu vya silika, vile vinavyokuja na viatu vipya. Ukiiacha kabatini wakati wa masika, ukungu utaota ndani ya vioo, na huo hautoki kwa kufuta.

Fika ziwani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na ukae upande wa mashariki, jua likupige mgongoni. Ukikaa upande wa magharibi kila ndege atakuwa mweusi, na kazi yote imeharibika. Kusi likivuma, kuanzia katikati ya asubuhi maji hukunjana na ndege mdogo hupotea katikati ya mawimbi; wakati wa kaskazi asubuhi huwa tulivu kidogo. Jioni inafaa upande wa pili wa ziwa, ila uondoke kabla ya giza.

Hilo la giza si woga. Ziwa Kenyatta lina viboko, na Sabaki ina viboko na mamba. Usisimame ukingoni penye njia iliyochimbika kushuka majini, hiyo ni njia ya kiboko. Simama pembeni yake, mita 20 au zaidi kutoka majini, pasipo na matete mbele yako. Usitie mguu majini. Mabwawa ya Pwani yana konokono wa kichocho, na mdudu wake hupenya ngozi kwa muda mfupi tu. Ukilowa, jifute mara moja kwa kitambaa kikavu, na siku zijazo ukaone daktari. Na kabla ya kuingia shamba la mtu au eneo la wavuvi, piga hodi.

Hatua ya 3: Mtambue kwa mpango

Hapa ndipo penye kazi, basi twende taratibu. Tazama mambo matatu kwa mpangilio huu: paji, ubavu, mwenendo. Usianze na rangi ya mwili, maana karibu wote ni weusi.

Paji na mdomo. Kukuziwa ana mdomo mweupe, wenye rangi ya samawati kwa mbali sana, na juu yake ngao nyeupe inayopanda hadi pajini. Weupe huo unaonekana mbali, mara nyingi kabla hujauona mwili. Juu ya ngao pana vinundu viwili vya rangi nyekundu iliyoiva. Vitabu huvionyesha vinundu hivi kwa fahari, na wanaoanza huvitafuta kwa bidii, lakini nje ya msimu wa kutaga husinyaa, na kwa umbali wa mita 100 havionekani hata vikiwa vimevimba. Ukiviona ni vyema. Usipoviona usimkatae ndege.

Ubavu na mkia. Kukuziwa aliyekomaa hana alama yoyote nyeupe mwilini. Ubavuni hakuna mstari, chini ya mkia hakuna weupe. Akiwa ametulia mgongo wake ni wa mviringo na mkia umelala karibu na maji. Hata akiruka bawa lote ni jeusi, halina ukingo mweupe nyuma.

Mwenendo. Anakaa wazi, katikati ya maji, mara nyingi wakiwa wengi pamoja. Anapiga mbizi kwa kujirusha juu kidogo kisha kuzama, na baada ya muda mfupi huibuka karibu na pale pale kama kizibo, mdomoni ana magugu. Hulia kwa sauti fupi kali, "kik", au ya kukoroma. Akitaka kuruka hukimbia juu ya maji akipiga mabawa na miguu, mita nyingi, ndipo anyanyuke. Mara nyingi anaishia kukimbia tu, kisha hutua tena. Safari zake ndefu huzifanya usiku. Ndiyo maana ziwa huweza kuwa tupu leo, kesho alfajiri wakaonekana watano, na hakuna aliyewaona wakija.

Akipanda nchi kavu, tazama miguu: vidole vina mapande ya ngozi pembeni, pande moja kwa kila pingili, ya rangi ya kijivu. Havina utando wa bata, wala si vyembamba vitupu. Alama hii haina mjadala, ila kwa bahati mbaya ni mara chache utaipata.

Sasa wanaofanana naye.

Wa kwanza kukutana naye Malindi kwa kawaida ni kukuziwa wa mdomo mwekundu, Gallinula chloropus. Ana ngao nyekundu, mdomo mwekundu wenye ncha ya manjano, mstari mweupe wa kukatikakatika ubavuni, na weupe pande mbili za chini ya mkia. Anaogelea akitikisa kichwa mbele na nyuma na kuutingisha mkia, akikaa karibu na matete. Miguu ni ya kijani-njano na vidole virefu vyembamba. Kwa urefu ni sentimita 30 hadi 38, wakati kukuziwa mweupe-paji ni wa karibu sentimita 40, mzito zaidi, kati ya nusu kilo na kilo moja. Kosa kubwa hutokea na makinda ya huyu. Kinda lake ni la hudhurungi, halina wekundu usoni, mtu akadhani ni kukuziwa mchanga. Tazama ubavu na mkia: mstari na weupe wa mkiani kinda huyu anavyo tayari. Kukuziwa mweupe-paji mchanga ni wa kijivu-hudhurungi, kooni na kifuani ana weupe mchafu, lakini ubavuni hana mstari.

Mvua zikinyesha huja mdogo wake, Paragallinula angulata, wa sentimita 22 hadi 24. Huyu ni msafiri wa ndani ya Afrika anayefuata vidimbwi vya msimu. Mdomo wake ni wa manjano sehemu kubwa, wekundu uko juu tu, na ngao huishia kwa ncha. Hujificha sana, utamwona anavuka pengo la nyasi, basi. Wakati huo huo huweza kuja Porphyrio alleni, wa kimo kile kile, mgongo wa kijani, mwili wa zambarau, mdomo na miguu myekundu, na ngao ya samawati.

Kukuziwa zambarau, Porphyrio madagascariensis, hahitaji maelezo marefu. Ni mkubwa, sentimita 38 hadi 46, wa buluu na zambarau, mdomo mnene mwekundu, na hushika shina la tete kwa mguu akilitafuna. Kwa mbali, jua likiwa usoni pako, huonekana mweusi. Akitembea weupe wa chini ya mkia humtoa.

Yule mdogo mweusi wa mdomo wa manjano-kijani na miguu myekundu anayepita juu ya majani ya yungiyungi ukingoni ni Zapornia flavirostra. Kimo chake, sentimita 20 tu au zaidi kidogo, kinatosha kumtenga. Hazuiliki kusikika: wawili huimba pamoja, mmoja akikwaruza na mwingine akiguna.

Kibisi hupiga mbizi kama kukuziwa, na kwa mwanga mbaya huwachanganya hata wazoefu. Ni mdogo, sentimita 25 au hivi, nyuma amekatika bila mkia, shingoni ana wekundu wa kutu msimu wa kutaga, na pembeni ya mdomo ana doa jeupe-njano. Doa hilo ndilo linaloitwa "paji jeupe" na mwenye haraka. Mnandi naye ni mweusi, lakini mwili wake umezama zaidi, shingo ndefu imesimama, na mkia ni mrefu. Akitoka majini hukausha mabawa ameyatandaza. Kukuziwa hafanyi hivyo.

Fulica atra, kukuziwa wa Ulaya na Asia, usimtarajie Pwani yetu. Lakini ukipata picha safi ya karibu, angalia pale manyoya meusi ya shavu yanapoingia kati ya mdomo na ngao: kwa cristata ukingo huo ni wa mviringo, kwa atra una ncha kali. Wanaochunguza ndege Morocco na kusini mwa Hispania, wanakokutana wote wawili, hutegemea alama hiyo vinundu vinaposinyaa.

Hatua ya 4: Hesabu

Wakati mzuri wa kuhesabu ni Januari. Kaskazi limekausha vidimbwi vidogo, ndege wamejikusanya kwenye maji yaliyobaki, na ndio pia mwezi wa hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji, iliyoanza mwaka 1967. Ukihesabu wakati huo takwimu zako zinalingana na za wengine. Baada ya masika ndege wametawanyika hadi kwenye madimbwi ya mashambani na matete yamekua. Hesabu ya wakati huo inafaa kujua nani anataga, haifai kujua jumla.

Gawa ziwa kwa alama zisizohama: mbuyu, mnazi mrefu, nguzo, kona ya shamba. Hesabu kipande kimoja baada ya kingine kuelekea upande mmoja tu, kushoto kwenda kulia. Kabla ya kuanza tulia dakika 10. Waliojificha ulipofika hurudi.

Wakiwa chini ya 50, hesabu mmoja mmoja. Wakizidi, hesabu kumi kwanza, kariri macho yako upana wa kumi hao, kisha pima kundi kwa kumi kumi. Rudia mara tatu. Hesabu zikikaribiana, chukua ile iliyofanywa hali ikiwa nzuri zaidi, si ile kubwa zaidi. Zikipishana kwa zaidi ya moja katika kumi, kuna kitu kimeharibika: labda wanapiga mbizi. Kundi linalokula huwa na wengine chini ya maji kila wakati. Dawa yake ni kungoja watulie kujisafisha manyoya, kwa kawaida jua likishachomoza vizuri, au kukaza darubini kwenye kipande kidogo kwa nusu dakika na kuandika idadi ya juu uliyowahi kuiona pamoja.

Furukombe akipita, kukuziwa hukusanyika wote wakawa donge moja na kurusha maji. Usihesabu donge. Subiri watawanyike.

Andika waliokomaa na wachanga mbali mbali, na andika sifuri. Ziwa lililotazamwa vizuri bila kukuziwa ni habari kamili. Ukurasa mtupu si habari. Mstari wa daftari unatakiwa kufanana na mfano huu:

"Jilore, upande wa mashariki. 12 Januari. Saa 12:40 hadi 2:10 asubuhi. Upepo hafifu, anga wazi. Robo tatu ya maji imeonekana, pembe ya kusini imezibwa na matete. Sahani sm 50. Mweupe-paji: 0. Mdomo mwekundu: wakubwa 9, makinda 4. Kibisi 6. Nyavu 3 majini."

Hiyo robo tatu ndiyo sehemu inayosahaulika zaidi. Bila kuijua, anayekuja mwakani akaona ziwa lote atadhani ndege wameongezeka.

Hatua ya 5: Ukikuta kiota

Kiota cha kukuziwa ni chungu ya magugu na matete iliyojengwa majini, mara nyingi mahali pa wazi, ikielea au ikiwa imeegemea mashina. Mayai kwa kawaida ni 5 hadi 7, ya rangi ya maziwa yaliyochujuka, yamejaa vidoa vyeusi vidogo. Wazazi wote wawili huatamia, kwa wiki tatu au zaidi kidogo, na makinda huchukua karibu miezi miwili kabla ya kuweza kuruka. Kinda jipya ni jeusi lenye wekundu kichwani. Mtu asiyelijua humwandika ndege wa aina nyingine kabisa.

Kaa mita 50 au zaidi, na usipeleke mtumbwi kupiga picha. Kibisi akiondoka hufunika mayai yake kwa magugu. Kukuziwa huyaacha wazi. Jua la Malindi saa tano hupika yai lililo wazi haraka, na kunguru wa Bara Hindi, ambao hapa hawahitaji kutafutwa, hufuata watu na kutazama wanakosimama. Unaposogelea kiota unawaonyesha. Ndege akianza kuogelea huku na huku mbele yako akilia bila kula, umeshakaribia mno. Rudi nyuma hadi apande kiotani.

Mayai na ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013; kutega au kuchukua bila kibali ni kosa, hata kama ni kinda "aliyeachwa". Makinda ya kukuziwa huonekana peke yao mara kwa mara, mzazi yuko chini ya maji au nyuma ya matete.

Hatua ya 6: Ndege aliyenaswa

Nyavu za kutega zilizoachwa mchana kwenye magugu hunasa kukuziwa na kibisi, kwa sababu hupiga mbizi pale pale samaki wanapojificha. Mvuvi hafurahii pia, wavu umechanika na muda umepotea. Kupandisha nyavu kabla ya jua kuchomoza, au kuzitega mbali na vitanda vya magugu, hupunguza hasara kwa pande zote mbili, na maongezi yakianzia kwenye wavu wake mvuvi atakusikiliza.

Ukimkuta hai, mfunike kichwa kwa leso au kikoi, gizani hutulia. Bana mabawa mwilini kwa mikono miwili, miguu ielekee mbali nawe, maana kucha zake hukwaruza vibaya sana. Kata nyuzi kwa mkasi mdogo ukianzia miguuni, usivute. Akishatoka mweke kwenye boksi la karatasi lililotobolewa matundu, kivulini, nusu saa au saa moja, manyoya yakauke. Usimpe maji kwa nguvu wala ugali.

Kumwachilia kuna kosa moja linalorudiwa: watu humrusha juu. Kukuziwa hawezi kunyanyuka bila kukimbia juu ya maji, kwa hiyo akirushwa huanguka chini kama furushi na huweza kuvunjika kifua. Weka boksi ukingoni, lifungue kuelekea majini, ondoka. Vivyo hivyo aliyekutwa barabarani asubuhi, "hawezi kuruka": mara nyingi ni mzima, alitua usiku akidhani lami iliyolowa ni ziwa. Mpeleke majini tu.

Ukikuta wengi wamekufa pamoja, usiwashike kwa mikono mitupu na usiruhusu mbwa au kuku kuwafikia. Piga picha, andika idadi, na mjulishe afisa wa mifugo wa eneo na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, siku hiyo hiyo. Aliyekufa mwenye pete ya chuma mguuni, soma herufi na namba zote kwa picha ya karibu. Taarifa za pete hupokelewa na Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Hatua ya 7: Peleka ulichoandika

Daftari likibaki nyumbani halimfai mtu. Njia mbili zinatumika sana. eBird, mtandao wa kimataifa wa kumbukumbu za ndege, hupokea orodha ya mahali na muda mmoja, na unaweza kutafuta ndege kwa jina la kitaalamu, jambo linaloondoa utata wa kukuziwa yupi. Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, hugawa nchi katika miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9. Kwa orodha kamili unatakiwa kutumia angalau saa mbili ndani ya mraba, kuandika ndege kwa mpangilio uliowaona, na unaruhusiwa kuendelea kuongeza kwa siku tano. Ziwa peke yake halitoshi mraba, basi tembea na pembeni: mashamba, kichaka, kijiji.

Kwa hesabu za Januari ungana na wanaozifanya tayari. Makumbusho ya Taifa na shirika la uhifadhi la Nature Kenya huzisimamia nchini, na Watamu kuna shirika jingine la uhifadhi, A Rocha Kenya, wanaohesabu ndege wa maji wa Mida na Sabaki.

Kukuziwa mweupe-paji akiripotiwa Malindi, rekodi itaulizwa maswali. Usikasirike, ndivyo inavyotakiwa. Pamoja na picha, hata iliyotiwa ukungu na mazigazi, andika papo hapo mambo haya kabla ya kufungua kitabu chochote: rangi ya mdomo na ngao, ulichoona ubavuni na chini ya mkia, alikuwa wapi ziwani, alipiga mbizi au la, umbali wa makadirio, jua lilikuwa upande gani, na ndege wa karibu uliyemlinganisha naye kwa ukubwa. Picha ya upande mzima inayoonyesha ubavu ina thamani kuliko picha nzuri ya uso. Na ukiweza, mpeleke mtu wa pili kesho yake alfajiri, kabla ndege hajaondoka usiku mwingine.